Nataka kuacha shira ya kopo nianze na shayiri yenyewe: sufuria moja ya lita 22 inatosha?

KopoTupu

Wakuu, salaam.

Natengeneza bia nyumbani kwa shira ya kimea, ile nzito ya kopo, na mambo si mabaya. Inachacha, inatulia, watu wanaimaliza bila kukunja uso. Ila nimefika mahali nataka kuanza na nafaka. Si kwa sifa. Bia zangu zinazotakiwa ziwe za rangi ya dhahabu zote zinatoka na wekundu ambao sikuutaka, na chini ya kila moja kuna utamu mzito ule ule, hata nikibadilisha hopsi (yale maua ya kutia uchungu na harufu) na hamira. Naona kopo ndilo linaloamua, mimi kazi yangu ni kukoroga.

Kila nikiuliza, najibiwa kwa orodha ya vyombo: pipa la maji moto, pipa la kulowekea, sufuria kubwa ya kuchemshia, pampu, kinu. Nikifika kwenye pampu huwa naacha kusoma.

Nilicho nacho ni hiki. Sufuria ya chuma isiyoshika kutu, lita 22, ina mfuniko. Jiko la gesi la ndani: lita 8 linazichemsha vizuri, lita 14 linazifikisha kwa kujivuta, zaidi ya hapo sina imani nalo. Kipimajoto cha kidijitali, haidromita ya kupimia sukari iliyomo, ndoo mbili za kuchachushia zenye koki.

Pishi langu la kawaida ni la lita 20: shira ya rangi nyepesi kilo 3, kimea cha karameli gramu 400 ambacho nakiloweka nusu saa, nachemsha lita 8 pamoja na hopsi kwa saa nzima, kisha naongeza maji baridi hadi 20. Haidromita inasoma 1.047 au karibu na hapo.

Sasa nisaidieni. Hiyo karameli ninayoloweka, si tayari ndiyo kazi yenyewe ya nafaka, ila kwa kiasi kidogo? Maji nianze na kiasi gani? Na joto likikosea nyuzi mbili tatu, pishi lote limeharibika au la?

---

Mapipa

Mkuu, nitasema usichotaka kusikia. Vyombo vitatu ndiyo njia. Unaloweka kwenye boksi lenye kuhifadhi joto, unachuja taratibu kwa koki huku ukisuuza machicha kwa maji ya nyuzi 75 au 76, unapata woti, yale maji matamu ya kimea kabla hayajachacha, safi inayong'aa. Njia za mfuko, za kuloweka nafaka ndani ya kitambaa kwenye sufuria moja, ni za mkato, woti inatoka na matope. Kusanya vyombo kidogo kidogo, ukikamilika ndipo uanze. Pampu kweli si lazima, mvutano wa ardhi unatosha ukipanga vyombo kwa ngazi.

---

FundiSufuria

KopoTupu, karibu. Umepungukiwa na kitu kimoja tu: mfuko wa kitambaa chepesi cha matundu madogo, mpana kiasi cha kuvika sufuria yako yote kwa ndani na mdomo wake ukageuzwa juu ya ukingo. Kingine chochote usinunue hadi bia ya kwanza iwe kwenye chupa. Mapipa ni fundi mzuri na anachosema kuhusu woti kung'aa ni kweli, lakini hayo matope yanazama kwenye ndoo ya kuchachushia na kubaki huko. Sijaona bado bia iliyoharibiwa nayo.

Nianze na swali lako la karameli maana hapo ndipo wengi wanapotelea. Hapana, si kazi ile ile. Karameli imeshapikwa kiwandani, wanga wake uligeuka sukari ndani ya ganda kabla hujauona. Wewe unaiyeyusha tu, hata maji yakiwa ya nyuzi 50 au 75 utapata karibu kitu kile kile. Kimea cha msingi, kile kinachotoa sehemu kubwa ya sukari ya bia, bado kina wanga mtupu. Kinachougeuza kuwa sukari ni vimeng'enya vilivyo ndani ya punje yenyewe, na hivyo vina masharti ya joto. Kimoja kinapenda nyuzi 60 hadi 65 na kinakata sukari ndogo ndogo ambazo hamira inazimaliza zote. Kingine kinapenda 68 hadi 72, kinakata ovyo ovyo na kuacha vipande vikubwa ambavyo hamira inaviacha, na hivyo ndivyo vinavyoipa bia uzito mdomoni. Ukiloweka kwa 64 bia inakuwa kavu. Ukiloweka kwa 69 inakuwa nzito. Katikati, 66 au 67, vyote viwili vinafanya kazi. Kwa hiyo nyuzi mbili hazikuharibii pishi, zinakubadilishia bia. Kinachoharibu ni kupita 75 mapema, maana vimeng'enya vinakufa na wanga unabaki wanga.

Sasa, pika lita 10, si 20.

Najua, kazi ni ile ile na bia ni nusu. Lakini jiko lako limeshaamua. Kwa shira ulikuwa na ruhusa ya kuchemsha kidogo na kuongeza maji baridi mwishoni. Kwa nafaka sukari imetawanyika kwenye maji mengi tangu mwanzo, na yote lazima yachemke. Bia ya lita 20 inadai uanze na lita 25 hivi kwenye moto. Haziingii hata kwenye sufuria yako, sembuse jiko kuziweza.

Hesabu ya nafaka. Chukua ile namba ya haidromita, toa 1 na nukta, zilizobaki ziite pointi. Shira nzito ina pointi 300 hivi kwa kilo kwenye lita moja. Kilo zako 3 ni 900, karameli inaongeza kama 50, jumla 950. Gawanya kwa lita 20 unapata 47 na nusu, ndiyo 1.047 yako. Kimea cha msingi nacho kina akiba ya karibu 300 kwa kilo, ila hutaitoa yote. Kwa mfuko, mara ya kwanza, kadiria kwamba asilimia 65 itafika kwenye ndoo. Hiyo ni 195 kwa kilo. Unataka lita 10 za 47 na nusu, yaani pointi 475. Gawanya kwa 195: kilo 2.44. Andika kilo 2.25 za kimea cha msingi na gramu 200 za karameli. Basi, hakuna zaidi. Usiongeze kimea cha tatu wala cha nne kwa sababu umekisoma mahali.

Hesabu ya maji inaanzia mwisho kurudi mwanzo. Unataka 10 kwenye ndoo. Lita 1 itabaki chini ya sufuria na uchafu wa hopsi. Kuchemsha kwa saa moja kutakula lita 2.5 hivi, jiko lako huenda likala pungufu. Nafaka itanyonya 0.8 kwa kila kilo ukiikamua, kwa hiyo lita 2. Jumla 15.5. Yote unayaweka tangu mwanzo, husuuzi kitu. Maji hayo na nafaka ndani yake vitajaza kama lita 17, kwa hiyo sufuria ina nafasi.

Joto la maji kabla ya kumwaga nafaka: chukua 0.41, gawanya kwa lita za maji zilizo kwa kila kilo ya nafaka, zidisha kwa tofauti kati ya joto unalotaka na joto la nafaka, halafu jumlisha joto unalotaka. Kwako maji ni lita 6.3 kwa kilo. Nafaka ikiwa na nyuzi 22 na ukitaka 66, inakuja 2.9. Basi maji yafike 69, zima moto, vika mfuko, mwaga.

Mwaga polepole na mkono mwingine ukoroge. Madonge yatatokea. Donge ukilipasua kwenye ukuta wa sufuria utaona ndani unga mweupe mkavu kabisa, na huo ukiachwa hivyo hautatoa kitu. Pasua yote. Pima joto sehemu tatu, juu, katikati na pembeni, maana zitatofautiana hadi ukoroge tena. Funika, zungushia blanketi zito, subiri saa moja. Dakika za mwanzo maji yana ukungu mweupe na ukionja ni unga unga tu. Chungulia baada ya dakika 20: weupe umeondoka, maji yameanza kung'aa, na tone likikauka kidoleni linanata. Mimi huwa nafungua kuangalia hata pasipo haja, na ninapoteza nusu nyuzi kila mara, lakini sioni namna ya kuacha.

Joto likishuka hadi 63 mwishoni mwa saa, liache. Sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika. Ukilazimika kuwasha moto, inua mfuko kwanza usiguse kitako, la sivyo kitambaa kinaungua na bia nzima inanuka moshi.

Kisha nyanyua mfuko, uache uchuruzike juu ya sufuria, ukamue kwa mfuniko au kwa glavu nene. Utaambiwa kukamua kunatoa tanini na kuifanya bia iwe kakasi. Tanini inatolewa na maji ya moto kupita kiasi pamoja na pH iliyopanda, si na mikono yako. Kamua.

Kuanzia hapo, unajua. Woti iko kwenye sufuria, unachemsha na hopsi kama siku zote.

---

DadaKipimo

Fundi amesema mengi na mazuri, ila ameruka maji, na yeye huwa anayaruka kila siku kwa sababu maji yake yana bahati.

Kaka KopoTupu, ulipotumia shira, aliyeitengeneza alishaloweka nafaka kwa maji yake, na madini ya maji yale yamo ndani ya kopo. Ndiyo maana ungeweza kutumia maji ya aina yoyote ukaponea. Sasa wewe ndiye unayeloweka. Mambo matatu basi.

La kwanza ni klorini. Kama maji yako yana harufu ya dawa, au msambazaji wako anatumia kloramini, ikikutana na kimea na hamira inazaa ladha ya plasta ya kidonda ambayo haiondoki hata ukiiacha bia mwaka mzima. Klorini ya kawaida inatoka ukiyachemsha maji au ukiyaacha wazi usiku kucha. Kloramini haitoki hivyo. Kidonge cha Campden, ambacho ni potasiamu au sodiamu metabisalfaiti, kinamaliza zote mbili ndani ya dakika chache. Robo kidonge kwa lita zako 15.5 inatosha na kubaki. Kiponde, koroga, endelea.

La pili ni pH. Nafaka ikishalowa unataka 5.2 hadi 5.6. Kimea cheusi kilichokaangwa kinashusha pH chenyewe, kwa hiyo maji magumu yenye bikaboneti nyingi yanakubali bia nyeusi bila matatizo. Bia ya rangi nyepesi kama hiyo unayoitaka haina msaada huo. Maji yako yakiacha ukoko mweupe kwenye birika, jiandae na asidi ya laktiki, matone machache kwa wakati mmoja, ukipima. Vipande vya karatasi vinakudanganya kidogo lakini ni afadhali kuliko kubahatisha. Ukitumia maji yaliyochujwa hadi madini yote yakatoka, tatizo linageuka: hayana kalisi. Gramu 3 za jasi kwenye lita 15 zinakupa miligramu 46 au 47 za kalisi kwa lita, na hapo umefika panapotosha. Maji ya mashine ya kulainisha maji ya nyumbani usiyaguse, yamejaa sodiamu.

La tatu si maji, ni kipimajoto. Fundi anakupa tofauti ya 64 na 69 lakini hajakuuliza kama chako kinasema kweli. Kichovye kwenye glasi iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo: kisome 0. Kichovye kwenye maji yanayochemka: kisome 100 kama uko usawa wa bahari, na toa nyuzi 1 kwa kila mita 300 ulizopanda. Kikipotoka nyuzi 3, andika kwenye kipande cha karatasi ukibandike juu yake. Huhitaji kingine.

---

KopoTupu

Asanteni sana, FundiSufuria na DadaKipimo. Mapipa, nimekusikia pia, nikipata nafasi siku moja tutaongea habari za ngazi.

Kimebaki hiki. Hopsi nikate nusu tu kwa sababu bia ni nusu? Na kwa kuwa jiko linajivuta, naweza kuchemsha nikiwa nimefunika?

---

MzeeHamira

Vijana, hamjambo. Naona mmeshughulika na mfuko, hakuna aliyemtajia mwenzenu vitu viwili ambavyo yale maji baridi ya mwisho yalikuwa yanamfanyia kimya kimya.

Mwanangu KopoTupu, ulipomwaga lita 12 za maji baridi juu ya lita 8 za moto, ulishusha sehemu kubwa ya joto la pishi kwa dakika moja, na kule kumwaga kuliingiza hewa ambayo hamira inaihitaji mwanzoni ili iongezeke. Sasa lita zote zitakuwa zimechemka. Kuchemka kunatoa hewa, na hakuna maji baridi ya kukuokoa. Lita 11 za moto zinapoa polepole sana zikiachwa zenyewe. Zamisha sufuria kwenye sinki lenye maji na barafu, badilisha maji yakipata joto, zungusha woti taratibu kwa kijiko kilichochemshwa. Ukipata koili ya shaba baadaye, vizuri, lakini kwa lita 10 sinki linatosha. Usitie hamira hadi ifike nyuzi 18 hadi 20, kama hamira yako ni ile ya kawaida ya kuchachia juu. Kisha mimina kwenye ndoo kutoka juu, ifanye povu, funika ndoo uitikise dakika kadhaa. Hamira kavu ya pakiti inavumilia uvivu kwenye hili kuliko ya maji, lakini tikisa.

Kuhusu mfuniko: usifunike yote. Kimea chepesi, hasa kile cha pilsner, kina kitu kinachogeuka kuwa harufu ya mboga zilizochemshwa sana kikipata moto, na harufu hiyo inatakiwa iondoke na mvuke. Shira ilishachemshwa kiwandani, ndiyo maana hukuwahi kuiona. Funika nusu kama jiko linakushinda, mvuke upate pa kutokea. Kama ni pilsner tupu, chemsha dakika 90.

Hopsi: gawanya kwa mbili kwanza. Halafu zile za dakika 60 punguza tena kama sehemu moja ya tano, kwa sababu ulikuwa unazichemsha kwenye maji mazito mno na uchungu wake haukuwa unatoka vizuri. Za mwishoni, za harufu, ziache.

Na kwa ukweli nikuambie, ule wekundu wako ungepungua hata kwa shira. Kilo 3 zote ndani ya lita 8, zikichemka saa nzima, lazima ziwe nyekundu. Ungetia theluthi moja mwanzoni na zilizobaki dakika 10 za mwisho, ungeona tofauti. Ule utamu mzito nao mara nyingi ni shira iliyokaa sana dukani. Kimea cha unga, yaani shira iliyokaushwa, hakizeeki haraka namna hiyo. Sikukatazi nafaka, endelea nayo, ila usije ukasema shira ni mbaya.

---

FundiSufuria

Shikamoo Mzee. Hilo la shira ni kweli na nilipaswa kumuuliza anatia saa ngapi.

KopoTupu, ongezo moja: weka kando gramu 200 za kimea cha unga siku ya kupika. Kabla ya kuwasha moto wa kuchemsha, chota woti kidogo, ipoze hadi nyuzi 20, ipime. Ikiwa moto haidromita inakudanganya. Unategemea lita 13.5 na 1.039. Ikisoma 1.034 umepungukiwa na pointi 5 kwa kila lita, jumla 67 hivi, na kimea cha unga kina 365 kwa kilo, kwa hiyo gramu 180 zinakurudisha kwenye mstari. Ukiwa na hizo gramu mkononi, bia utapata kwa vyovyote.

---

KopoTupu

Wakuu, narudi na namba. Bia iko kwenye ndoo, inatoa mapovu tangu jana usiku.

Maji 15.5 yaliyotiwa robo kidonge, nilimwaga nafaka yakiwa 69, yakatulia 66 kama Fundi alivyosema. Kipimajoto changu kimepotoka nyuzi moja na nusu kwenye barafu, asante Dada, kimeshabandikwa karatasi. Baada ya saa nzima ilikuwa 64. Madonge yalikuwepo, niliyapasua yote. Ule weupe ulikuwa umeondoka kabla hata ya nusu saa.

Baada ya kukamua nilibaki na lita 13.2, haidromita 1.034. Nilitia gramu 150 za unga kwa sababu ndizo zilizokuwa nyumbani. Nilichemsha saa moja, nusu wazi. Mwisho lita 11.4, inasoma 1.044. Rangi ni dhahabu. Dhahabu kweli, nimeinyanyua kwenye mwanga mara kadhaa bila sababu.

Swali ni hiyo 1.034. Imetoka wapi? Joto lilikuwa sawa.

---

FundiSufuria

Safi. Tuzisome.

Pointi 34 mara lita 13.2 ni 449. Akiba ya kilo 2.45 ni 735. Umetoa asilimia 61, tulitegemea kama 71 hapo kwenye sufuria (ile 65 ni ya kwenye ndoo, baada ya lita 1 kubaki chini). Pili, umeweka 15.5 ukabaki na 13.2, nafaka imeondoka na 2.3, ni zaidi ya 0.9 kwa kilo. Hukukamua sana. Tatu, kuchemsha kumekula lita 1.8 tu, si 2.5, kwa hiyo mara nyingine anza na 14.8 na utamaliza na 11 kamili. Hiyo 1.8 ni ya jiko lako na sufuria yako, iandike mahali, itakufaa kuliko namba yangu yoyote.

Lakini kukamua peke yake hakuelezi upungufu wote. Lita 0.3 za woti ya 1.034 ni pointi 10 tu, na wewe umepungukiwa na zaidi ya 70. Kwa joto ulilokuwa nalo, na kwa saa nzima, mimi namshuku aliyeparaza, yaani aliyekuvunjia kimea kwenye kinu.

---

DadaKipimo

Hata mimi. Kaka, kilibaki kimea chochote kilichoparazwa? Mwaga konzi moja kwenye sahani nyeupe, kitandaze kwa kidole. Punje nzuri imepasuka, ganda limebaki vipande viwili vitatu na moyo mweupe umevunjika chembe chembe. Hutakiwi kuona punje nzima zaidi ya moja moja. Vinu vingi vya rola vya dukani vimewekwa kwenye mwanya wa milimita 1 hivi, na hiyo ni kwa ajili ya akina Mapipa, ambao wanahitaji maganda makubwa ili maji yapite. Wewe una mfuko, ndio unaochuja, hata unga unga haukuzibii kitu. Waombe wapitishe mara mbili, au wabane mwanya.

Na kama bado una mashaka baada ya hapo, siku ya kupika chota woti kijiko kimoja bila maganda, iweke kwenye sahani, dondoshea ayodini. Ikigeuka nyeusi ya bluu, wanga bado upo, ongeza dakika 15. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, umemaliza. Hiyo ya kwenye sahani mwaga, usirudishe sufuriani.

---

Mapipa

Nathibitisha hilo la mwanya. Mimi nikiparaza kama nyinyi wa mifuko, koki inaziba na nabaki nimeduwaa na kilo 5 za uji wa moto. Huwa naongeza kumvi za mpunga ili maji yapite.

---

KopoTupu

Nilikuwa na nusu kilo iliyobaki. Nimeimwaga kwenye sahani sasa hivi. Punje nzima ni nyingi, nyingine zimebonyea tu upande mmoja, ukiibana kwa ukucha ndani bado ni ngumu.

Kesho nairudisha ikapitishwe tena. Halafu napika kitu kile kile, kilo zile zile, maji 14.8, nakamua kwa nguvu, nione 1.034 inakwenda wapi.